Kufufua Land Cruiser ya zamani nyumbani: breki kwanza, mapambo baadaye

Mtu akipata Land Cruiser mkonga ya zamani, ile yenye bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi paani, huku kwetu Mbeya, cha kwanza kuulizia dukani ni matairi makubwa, cha pili ni taa za kufunga juu ya paa. Hamu hiyo naielewa, gari lenyewe linavutia. Ila gari litakaloshuka Kitonga likiwa limejaa, au litakalotoka Matamba na magunia ya viazi wakati barabara imelowa, halianzi kutengenezwa paani. Linaanza chini: breki, usukani, mfumo wa maji, halafu injini. Hayo yakikaa sawa ndipo unaliongezea. Wapo wengi wanaokwenda kinyume na mpangilio huu, na matokeo yake ni gari refu, zuri kwa picha, lisilosimama kwenye mteremko.

Nalenga HZJ75, ile ndefu yenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina turbo. Injini hiyo ilianza kufungwa mwaka 1990 na mafundi wetu wanaifahamu vizuri. HZJ75 ina springi za mabamba mbele na nyuma. HZJ78 na HZJ79 zilizokuja mwaka 1999 mbele zina springi za koili, kwa hiyo kwenye suala la kuinua gari zina mambo yake. Kwa sehemu kubwa mengine yanafanana. Mwenye Land Rover naye asiondoke, maana mpangilio wa kazi ni huu huu hata kama vipuri vina majina mengine.

Mahali pa kazi na vifaa

Tafuta sakafu ngumu iliyo sawa. Udongo wetu ukishanyeshewa, mguu wa jeki unazama taratibu na gari linaanza kuegama bila wewe kuona. Kama huna sakafu ya saruji, tandika mbao nene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Gari lisikae juu ya tofali hata kwa dakika tano. Tofali la kuchoma linapasuka ghafla, halikupi nafasi ya kutoka. Kama stendi za chuma hazijapatikana, magogo ya mkaratusi yaliyokatwa sawa na kupangwa kwa kukingamana ni salama zaidi.

Kumbuka pia kwamba breki ya mkono ya gari hili inashika matairi ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, breki ya mkono haikusaidii kitu, kwa hiyo zuia matairi ya mbele kwa vigingi pande zote mbili. Ukiinua mbele, zuia ya nyuma, weka breki ya mkono, na bado usiingie chini mpaka umelisukuma gari kwa nguvu ukiwa nje na kuona halitikisiki.

Spana za kawaida na boksi unazo au utaazima. Kifaa ambacho watu wanakikwepa ni boksi la milimita 54 la kufungulia nati kubwa ya habu ya mbele, yaani kitovu kinachobeba tairi. Mafundi wengi wanaifungua nati hiyo kwa patasi na nyundo, na ndiyo maana nati za magari mengi ya zamani zina makovu na hazikazi sawasawa. Agiza boksi hilo Kariakoo, likija na basi linafika kesho yake. Au mpe fundi wa kuchomelea kipande cha bomba nene akutengenezee. Ongeza fimbo ya shaba ya kugongea, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, mita ya umeme, na kitabu cha matengenezo cha Toyota cha gari hilo. Vipimo vya kukaza kila bolti vimo humo, na kukisia kwenye breki na usukani ni kucheza na maisha ya watu uliowapakia.

Osha, kagua, andika

Kabla ya kununua spea yoyote, osha gari chini mpaka chuma kionekane. Matope yaliyokaukia chini yanaficha mambo matatu: oili inayovuja, kutu, na nyufa kwenye chesi. Gonga chesi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma, hasa nyuma ya tairi na pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali, kilicholiwa kinatoa sauti ya kufa na nyundo inaacha alama. Gari lililoishi Tukuyu au Kyela, ambako mvua haikauki, likaguliwe kwa uangalifu zaidi kuliko lililotoka Chunya.

Kisha inua mbele, shika tairi kwa juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, tatizo liko kwenye beringi za tairi. Ukibaki palepale, beringi za kingpini, yaani mhimili ambao tairi hugeukia wakati wa kukata kona, zimekwisha. Kipimo hiki hakina gharama na kinakuepusha kubadilisha vitu vizima. Sasa shika tairi kushoto na kulia: mchezo hapo mara nyingi unatoka kwenye vichwa vya fimbo za usukani. Weka kiganja kwenye kila kiungo wakati mwenzako anatikisa, utausikia mkononi. Gari linalotetemeka usukani likifika kilomita 60 au 70 kwa saa karibu kila mara ugonjwa wake umo kwenye mojawapo ya sehemu hizi.

Andika yote kwenye daftari. Orodha hiyo ndiyo utakayoenda nayo dukani.

Vichwa vya ekseli ya mbele

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo magari haya yanapopuuzwa zaidi.

Ekseli ya mbele ni ngumu, ina difu, yaani lile tumbo la gia linalogawa nguvu kwa matairi mawili, na kila upande inaishia kwenye tufe la chuma. Juu ya tufe kuna kichwa kinachogeuka unapokata kona, na ndani ya kichwa mna sivi jointi, kiungo kinachozungusha tairi hata likiwa limekatwa kona, iliyozama kwenye grisi. Sili ya ndani inazuia oili ya difu isiingie kwenye grisi hiyo. Sili ya nje, ile ya duara unayoiona nyuma ya tairi, inalifuta tufe ili grisi isitoke na matope yasiingie. Sili ya ndani ikifa, oili inaingia kwenye kichwa, inaiyeyusha grisi mpaka inakuwa majimaji meusi yanayonuka kiberiti, yanapita kwenye spindo, ile shina yenye tundu inayobeba habu, hadi kwenye beringi za tairi, na mwisho yanafika kwenye diski ya breki. Mwenye gari anaona breki inavuta upande mmoja. Ananunua padi mpya, baada ya muda nazo zimelowa. Padi hazikuwa na kosa.

Dalili ni rahisi kuiona. Angalia tufe: utando mwembamba wa grisi ni sawa, bali oili inayochuruzika kwenye ringi kwa ndani si sawa. Au fungua kiziba kilicho juu ya kichwa, chomeka kijiti. Kikitoka na grisi nzito, funga uendelee na mengine. Kikitoka kinadondosha oili, kazi hii inakuhusu.

1. Nunua seti kamili ya sili na gasketi za pande zote mbili. Ukikuta upande mmoja umekufa, wa pili uko njiani.

2. Vua tairi. Fungua kalipa, ile inayobana padi za breki, na uitundike kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake, mpira unachanika kwa ndani na kwa nje unaonekana mzima.

3. Fungua mfuniko wa frii wili, yaani kifungio cha katikati ya tairi kinachounganisha ekseli na habu, toa ile pete ya kubana iliyo kwenye ncha ya ekseli, kisha fungua nati sita za frii wili. Chini ya nati kuna wasa za koni zilizobana kweli. Gonga ncha za stadi kwa fimbo ya shaba, au pigapiga mwili wa frii wili pembeni mpaka ziruke. Usizichokoe kwa bisibisi.

4. Nyoosha ulimi wa wasa ya kufungia, tumia boksi la 54 kutoa nati mbili, kisha vuta habu pamoja na diski yake. Weka mkono mbele, beringi ya nje hutoka kwanza na ikianguka kwenye mchanga umejiongezea kazi.

5. Toa bolti za spindo, ligonge kwa nyundo ya mpira liachie. Ekseli sasa inatoka pamoja na sivi jointi. Kichwa cha jointi kina sehemu bapa. Igeuze ielekee juu kisha vuta polepole. Ukiilazimisha utakwaruza njia ya sili.

6. Chomoa fimbo ya usukani. Toa vifuniko vya kingpini juu na chini. Chini ya vifuniko kuna shimu, yaani vile visahani vyembamba vya chuma vinavyopanga mbano wa beringi. Vya juu viweke kwenye mfuko ulioandikwa juu, vya chini kwenye mfuko wake, na pande mbili za gari zisichanganyike kamwe. Piga picha kila hatua kwa simu.

7. Osha kila kitu kwa dizeli au mafuta ya taa. Petroli iache, mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu. Vumbi la breki nalo usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa.

Sasa kaa chini uangalie. Beringi iliyoungua ina rangi ya bluu au kahawia. Njia yake ikiwa na vishimo unavyoweza kuvihisi kwa ukucha, badilisha beringi na njia yake pamoja, maana kipya hakikai juu ya kibovu. Tufe likiwa na kutu, lisugue kwa msasa laini mpaka liteleze. Sili mpya juu ya tufe lenye kutu haimalizi msimu mmoja wa mvua. Sivi jointi iangalie kwa kuizungusha huku ukiikunja: mikwaruzo mirefu au vipande vilivyomeguka maana yake imechoka. Kama bado inafaa ila ina mchezo kidogo, baadhi ya mafundi wanahamisha ya kushoto kulia ili ifanye kazi kwa upande ambao haujalika. Ni njia halali ya kununua muda.

8. Piga sili ya ndani mpaka ikae sawa na ukingo wake, mdomo wake umepakwa grisi. Panga sili ya nje kwa utaratibu wa kitabu: ile laini ya sufi, ya mpira, kisha pete ya chuma. Rudisha kichwa na shimu zake, kaza, ukigeuze kwa mkono. Kinatakiwa kugeuka kwa uzito wa kadiri, bila kulegea na bila kukwama.

9. Jaza grisi ya molibdeni kwenye jointi kwa mkono, uisukume hadi itokee upande wa pili, kisha jaza kichwa kama robo tatu. Kisijae kabisa, grisi ikipata moto inatanuka na kutafuta njia kwenye sili. Beringi za tairi zinapakwa grisi ya lithiamu ya beringi.

Kaza nati ya ndani ya habu huku unazungusha habu ili beringi zikae, ilegeze, kisha ikaze tena kidogo kufuata kitabu. Habu izunguke kwa urahisi na isicheze hata kidogo. Weka wasa ya kufungia mpya, nati ya pili, kunja ulimi. Ukishaendesha kilomita chache, gusa habu kwa mkono: uvuguvugu ni sawa, joto la kuunguza linasema umekaza mno.

Kazi hii kwa mtu anayeianza inachukua mwisho wa wiki mzima kwa pande zote mbili. Usiifanye jioni ukiwa unataka kusafiri asubuhi.

Breki zenyewe

Baada ya mbele kukauka, weka padi mpya na kagua kama pistoni za kalipa zinarudi ndani bila kukwama. Nyuma ni dramu. Vua dramu, angalia silinda ndogo ya kila tairi kwa kuinua ukingo wa mpira wake. Kukiwa na unyevu ndani, silinda hiyo imekwisha. Rekebisha lainingi kwa gurudumu la meno mpaka zianze kugusa dramu, kisha zirudishe kidogo.

Mafuta ya breki watu wanayaongeza tu, hawayabadilishi. Kosa hilo huku milimani ni kubwa. Mafuta ya breki yananyonya unyevu kutoka hewani, na yakishakuwa na maji yanachemka kwa joto dogo. Ukishuka mteremko mrefu kama Kitonga huku unakanyaga muda wote, maji yale yanageuka mvuke na pedali inazama hadi sakafuni. Yabadilishe yote kila miaka miwili, DOT 3 au DOT 4, kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa siku hiyo hiyo.

Kutoa hewa, anza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, na umalizie la karibu. Kuna sehemu moja inayosahaulika mara nyingi: juu ya ekseli ya nyuma kuna vali ya mzigo, imeunganishwa na ekseli kwa fimbo, nayo ina nipo yake, yaani kichuchu cha kutolea hewa. Ikirukwa, pedali haiwi ngumu hata ukirudia mara ngapi.

Maji ya injini kwenye mwinuko

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kitulo, juu ya mita 2,600, yanachemka karibu na nyuzi 91. Gari lililokuwa zima Dar es Salaam linaweza kuanza kuchemsha likipanda huku, hata kama hakuna kilichoharibika siku hiyo. Kinacholiokoa ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko wa asili umeandikwa 0.9, na shinikizo hilo linapandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Mpira wake ukikauka, faida yote inapotea. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote vya mfumo huu, kibadilishe bila kujadili.

Thermostati sasa. Mafundi wengi wakikuta gari linachemsha wanaitoa na kuitupa. Tafadhali usikubali. Injini ya dizeli bila thermostati kwenye baridi ya Juni, Uyole au Makete, haifiki joto lake. Dizeli haiungui yote, inaosha kuta za silinda na kuchanganyika na oili, na injini inalika huku mshale wa joto ukikuambia kila kitu ni shwari. Ipime jikoni: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Joto la kufunguka limegongwa kwenye chuma chake, 76 au 82. Ikifunguka hapo, irudishe na gasketi mpya. Isipofunguka, nunua nyingine.

Kama bado linachemsha, zima injini ikiwa ya moto na uzungushe feni kwa mkono. Feni ya gari hili ina klachi ya mafuta ya silikoni. Ikizunguka kirahisi bila ukinzani wowote, klachi imekufa na kwenye mlima haivuti hewa. Osha mapezi ya rejeta kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili mbegu za majani na matope zitoke zilikoingilia.

Jaza mchanganyiko wa kulenti na maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, nusu kwa nusu. Maji ya bomba yanaacha magamba na kutu ndani ya injini, na gari linalolala Kitulo usiku wa Julai lina sababu ya pili ya kuhitaji kulenti, maana kule kunaganda.

Injini, kwa ufupi

Injini ya 1HZ haihitaji mengi, inahitaji machache kwa wakati. Taimingi belti inabadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT inayowaka kukukumbusha. Kwenye gari ulilonunua mkononi usiiamini taa hiyo wala kilomita zilizoandikwa. Badilisha belti pamoja na puli yake ya kukazia. Ukishafunga, zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili kabla ya kupiga starta. Ukisikia imekwama, simama, alama hazikukaa. Belti ikikatika vali zinakutana na pistoni, na hapo unashusha injini.

Gari linalosumbua kuwaka asubuhi na kutoa moshi mweupe, pima hita plagi. Ziko sita. Toa ukanda wa chuma unaoziunganisha, weka mita ya umeme kati ya kichwa cha kila plagi na mwili wa injini. Nzima inaonyesha ukinzani mdogo sana, iliyokufa haionyeshi muunganiko. Kabla ya kununua hakikisha gari lako ni la volti 12 au 24, maana zote zipo. Na usikubali mtu akuwashie karatasi kwenye mdomo wa hewa ili gari liwake.

Moshi mweusi mlimani ni jambo jingine. Kule juu shinikizo la hewa linashuka hadi karibu robo tatu ya lile la pwani, ilhali dizeli inayopulizwa ni ile ile. Anza na chujio la hewa, halafu peleka nozeli zikapimwe. Skrubu ya pampu usiiguse nyumbani. Mwaga pia maji yanayokaa chini ya chujio la dizeli, kila mwezi kama unanunua dizeli ya madumu vijijini.

Sasa liongezee

La kwanza ni mipira ya vipumulio. Kila difu ina kipumulio kidogo juu yake. Kikiziba matope, joto linasukuma oili nje kupitia sili zako mpya. Na ukiingia mtoni na difu ya moto, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili hizo hizo. Siku utakayofungua nati ya chini, oili inatoka kama chai ya maziwa. Toa kipumulio, funga mpira mwembamba usiozeeka kwa oili, uupandishe hadi ndani ya boneti juu kabisa, umalizie na chujio dogo. Fanya hivyo difu ya mbele, ya nyuma, gia boksi na boksi la forwili. Kwa bei yake, sijaona nyongeza inayoizidi.

Mkonga wenyewe uhakikishe haupitishi hewa kwenye maungio. Washa injini, iache sailensi, yaani bila kukanyaga mafuta, ziba mdomo wa mkonga kwa ubao bapa. Injini inatakiwa kuzimika. Ikiendelea kunguruma, kuna tundu linaloingiza vumbi la Usangu leo na maji ya mto kesho.

Matairi: ya asili ni 7.50R16, yenye kipenyo cha kama sentimita 80. Ukitaka pana zaidi, 235/85R16 ina kipenyo karibu kile kile, hivyo gia hazirefuki na spidi mita haidanganyi, ila itahitaji ringi pana kidogo. Mimi ningeishia hapo. Injini isiyo na turbo, kwenye hewa nyepesi, ikipewa matairi marefu zaidi inaanza kupanda kwa gia mbili chini. Kama bado una ringi za zamani za pete, zile zinazoshikilia tairi kwa pete ya chuma inayotoka, mjazaji upepo aweke tairi ndani ya kizimba au alizungushie mnyororo. Pete ikiruka inaua.

Kuinua gari, sentimita 5 zinatosha. Kuchomeka bamba moja la ziada kwenye springi kunaligeuza gari kuwa gumu tu; mpe fundi springi ayakunje upya yote au nunua seti. Kisha rudi kwenye ile vali ya mzigo. Vali inapima umbali kati ya ekseli na chesi: umbali ukiwa mkubwa inadhani gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Ukiinua gari bila kuipandisha fimbo yake kwa kiasi hicho hicho, umejipunguzia breki za nyuma hata likiwa na mzigo. Angalia pia mipira ya breki na mpira wa kipumulio: shusha ekseli ining'inie kabisa, usiwepo hata mmoja unaovutika.

Taa za ziada zipewe rilei na fyuzi karibu na betri, waya mnene, zisiunganishwe kwenye swichi ya zamani. Turbo iache. Mgandamizo wa 1HZ unazidi 22 kwa 1 na haikutengenezwa kwa ajili ya kusukumiwa hewa. Anayeifunga anahitaji kipimo cha joto la moshi na pampu iliyopangwa upya na mtaalamu, vinginevyo pistoni zinapasuka. Na ukibadilisha rangi ya gari au injini, nenda TRA kadi ya gari isomeke sawa na gari lilivyo.

Ukishamaliza, endesha karibu na nyumbani kwanza. Mbalizi na kurudi inafaa, kuna mteremko wa kutosha wa kujaribia breki. Baada ya kilomita 100 kaza tena nati za matairi na yubolti za springi, maana springi zilizofunguliwa zinakaa upya na kulegeza yubolti. Baada ya kilomita 500 rudia, pima tena mchezo wa tairi kwa juu na chini, na uangalie matufe ya mbele kama yamebaki makavu. Hapo panda Kitulo.